Neno la Baba Kwenye Benchi

Viatu vya mpira vikikaa miaka chini ya kitanda hupata harufu yao ya pekee, ya ngozi, udongo uliokauka na dawa ya kuchua misuli, na harufu hiyo ndiyo niliyolelewa nayo katika nyumba yetu ya kaunsili ya jiji, mtaani Mbotela. Chumba kilikuwa kimoja, pazia likitenga kitanda cha wazazi na godoro letu watoto, na viatu vya Baba vilikaa upande wetu. Dagaa omena za jirani zilinuka zikapita, moshi wa makaa ulipita, ila ile ya viatu haikupita. Kila Krismasi tulipofanya usafi Mama alitishia kuvitupa, na kila Krismasi alivitoa nje, akavipangusa kwa kitambaa, akavirudisha. Baba mwenyewe hakuvigusa. Nilipozaliwa alikuwa ameshaacha kucheza, goti limemkatalia, na kazi yake ilikuwa ya stoo katika kiwanda cha sabuni. Kwa hiyo msomaji ajue mapema, asije akanitarajia makuu: mimi ni binti wa mchezaji aliyeimbwa katika mitaa yote ya Eastlands, na sikuwahi kumwona akicheza hata siku moja.

Nilimjua kwa midomo ya watu. Jina lake la kanisani lilikuwa Elkana, lakini kuanzia mtaa wa Makadara hadi wa Baba Dogo aliitwa Ngoja, na kila mtu mzima alikuwa na namna yake ya kunieleza sababu. Kinyozi aliyepakana na genge la Mama la kuuzia sukuma wiki alinieleza makasi yakiwa mkononi, mteja wake ameketi na kichwa kilichonyolewa nusu. Baba, alisema, alikuwa anapokea mpira mbele ya lango, mabeki wanamkimbilia, kipa anatoka, uwanja mzima unapiga kelele "Piga! Piga!", naye anaukanyaga mpira na kusimama kama mtu anayesubiri chai ipoe. Kipa anashindwa kuvumilia, anaruka, analala chini. Hapo ndipo Baba anausukuma mpira wavuni taratibu, bila haraka ya mtu. Mashabiki wa Zambarau, maana hivyo ndivyo tulivyoiita timu yetu kwa rangi ya jezi zake, walipomzoea waliacha kelele. Baba akiukanyaga mpira, jukwaa zima lilinyamaza, kisha likavuta neno moja kwa sauti ya chini, "Ngoooja…", mpaka kipa alale, halafu ndipo uwanja ulipolipuka. Kinyozi alipofika hapo alilivuta neno lile amefumba macho, na mteja wake akalivuta pamoja naye. Niliona aibu kidogo na fahari nyingi.

Nyumbani kungoja kulikuwa ugonjwa wake, kama alivyosema Mama. Alingoja foleni ya maji iishe ndipo apeleke ndoo. Alingoja mvua ikatike hata ilipokuwa manyunyu tu. "Huyu hata posa alichelewa," Mama aliwaambia wanawake wa gengeni, "nusura niolewe na fundi wa saa." Baba alicheka kimoyomoyo, mabega yakitikisika. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake aliyebaki magharibi kule, na aliniita hivyo kwa heshima ya kweli, hata alipokuwa ananikaripia. "Mama, umevunja kikombe changu," angesema, na ungedhani yeye ndiye anayeomba radhi.

Nilikuwa darasa la nne wakati Zambarau walipokuja kumwomba awe kocha wao. Timu ilikuwa imeanza vibaya, kocha aliyekuwepo ameondoka kwa hasira, na wazee wa timu walikuja nyumbani jioni moja baada ya ibada, bado wamevaa suti zao za kanisani, wakabanana kwenye kochi na kwenye debe la maji. Wakanywa chai. Wakasimulia mabao. Mama alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na walipomaliza alisema bila kupunguza sauti, "Elkana, wewe unajua kucheza. Nani amekuambia unajua kufundisha?" Baba akamjibu kwa upole kwamba mcheza kwao hutunzwa. "Hutunzwa akicheza," Mama akasema. "Wewe goti lako hata kanisani halipigi magoti." Wazee walicheka hadi chai ikamwagika. Baba alicheka pia, kisha akakubali, na naamini Mama alijua tangu saa ile mambo yatakavyoishia.

Basi msimu ule mzima, kila Jumamosi, nilienda naye uwanjani, kwa kuwa Mama alikuwa gengeni na wadogo zangu walikwenda kwa shangazi. Kazi yangu ilikuwa kubeba machungwa ya mapumziko. Nilikaa kwenye ncha ya benchi, miguu haifiki chini, kiroba cha machungwa mapajani, Baba kando yangu na koti lake la kijivu. Zilikuwa mvua za masika, na uwanja ulikuwa tope lililovuta viatu vya wachezaji kwa sauti ya kumeza. Hakuna wakati mwingine maishani nilipokuwa na Baba kiasi kile. Kiwandani alikuwa wa kiwanda, nyumbani alikuwa wa wote, lakini kwenye lile benchi alikuwa wangu.

Na hapo ndipo nilipomwona akishindwa. Alikuwa na kijana mmoja mshambulizi ambaye nitamwita Brayo, jina nimelibadilisha, mtoto wa mjane jirani yetu aliyeuza samaki. Brayo alikuwa mwepesi, ana mguu wa kushoto wa ajabu, na alikula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Baba alimpenda waziwazi. Mazoezini alimsimamisha mbele ya lango na kumfundisha kile alichokijua yeye. "Ukanyage. Tulia. Ngoja kipa alale."

"Sasa coach, nitajuaje time imefika?" Brayo aliuliza.

"Utajua tu."

"Nitajuaje lakini?"

Baba aliutazama mguu wake mwenyewe, kana kwamba jibu liko huko chini. "Utasikia," alisema.

"Nitasikia nini, coach?"

Baba akamsukumia mpira arudie. Nilikuwa mtoto, ila niliona uso wake na nikajua kwamba hata yeye hajui. Kitu kile kilikuwa kwenye mwili wake, na mwili wenyewe ulikuwa umezeeka kabla haujakikabidhi kwa yeyote. Kwenye mechi Brayo alingoja, naam, na mabeki wakamnyang'anya mpira. Wengine nao wakangoja. Timu nzima ikawa inangoja. Tulifungwa na timu ambazo zamani, walisema, zilikuwa zikiomba mechi na Zambarau iahirishwe.

Haki yake nimpe: aliliona kosa lake. Katikati ya msimu, siku moja mvua ilipotukimbiza chini ya mabati ya choo cha uwanja, alimshika Brayo begani na kumwambia, "Sikiliza, mwanangu. Mambo ya kungoja yasahau. Yalikuwa yangu. Wewe ukiliona lango, piga. Usinifuate mimi." Brayo akaitikia. Baada ya hapo alianza kufunga, mabao ya harakaharaka yasiyo na urembo wowote, na tukapanda kidogo, tukashuka, tukapanda tena. Lakini mashabiki hawakuwa chini ya yale mabati. Wao waliendelea kuamini kwamba Ngoja anafundisha kungoja.

Mtaa una ulimi. Watu waliokuwa wakimnunulia Baba soda walianza kuvuka barabara wakimwona. Shuleni watoto waliniimbia methali ambayo kila Mswahili anaijua, ngoja ngoja huumiza matumbo, na wakashika matumbo yao na kujipinda. Wazee wakasema aliye juu mngoje chini, wakafurahi kwamba hata methali ina jina lake ndani. Kinyozi ndiye aliyeniuma zaidi, maana nilipopita alijifanya anatafuta kitana. Gengeni mteja mmoja alimuuliza Mama kama mumewe anaifundisha timu kulala. "Sukuma yangu haichezi mpira," Mama alimwambia. "Unanunua au hununui?" Mtu yule akanunua. Mama alipofika nyumbani alikaa kitandani bila kuvua leso, akalia kwa hasira, na Baba akasimama kando yake hajui aweke wapi mikono.

Mechi ya mwisho tulihitaji ushindi ili tusishuke daraja. Sare isingetosha. Uwanja ulijaa kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza msimu ule walikuja wale mashabiki wa kale, wanaume wenye mvi na kofia, na wanawake waliowahi kuuza njugu pale Baba alipokuwa akicheza. Nadhani walikuja kuizika timu, au kuiokoa, sijui. Mechi ilikwenda bila bao. Machungwa yaliliwa, kipindi cha pili kikaanza, jua likatoka kidogo. Karibu na mwisho beki wao aliteleza kwenye tope, na mpira ukabaki miguuni mwa Brayo, peke yake, mbele ya kipa.

Kilichotokea baada ya hapo nimekirudia kichwani mara nyingi, na bado sijaona wa kumlaumu. Brayo aliinua mguu wa kushoto. Na kutoka jukwaani wale wazee, kwa mazoea tu, kwa mapenzi tu, kwa sababu waliona mtu wa jezi ya zambarau mbele ya kipa na miili yao ikakumbuka, walilivuta lile neno la zamani. "Ngoooja…" Lilikuwa zito na tamu, na ndiyo mara pekee nilipolisikia kama lilivyokuwa. Brayo akalisikia. Akaukanyaga mpira. Kipa hakulala. Alisimama pale pale, na beki aliyeteleza akainuka, akaupiga mpira ule nje ya uwanja.

Mimi nilikuwa kando ya Baba. Nilimsikia. Hakusema ngoja. Alikuwa ameinama mbele, ameushika mkono wangu bila kujua kwamba ameushika, na alilisema neno lake kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye mstari wa chaki. "Piga," alisema. "Piga, mwanangu, piga."

Filimbi ikalia. Tulishuka daraja. Jukwaa lile lile lililovuta neno kwa mapenzi likaanza kuimba ile methali, vijana kwanza, kisha wote, wakishika matumbo. Brayo alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope. Mtangazaji mmoja wa redio alikuja mbio na kinasa sauti, nyuma yake jamaa aliyepiga video za harusi mtaani, na akamuuliza Baba mbele ya watu, "Kocha, kijana alikuwa apige. Ni wewe ulimwambia angoje?" Baba alimwangalia Brayo, ambaye mama yake alikuwa akijaribu kumwinua. Akawaangalia wale wazee wa jukwaani, wengine wamevua kofia. Nilimvuta koti. Akaushika mkono wangu akautuliza.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi nilimwambia."

Tulirudi kwa miguu. Nililia njia nzima na kumwambia amesema uongo, na kwamba mchungaji alisema waongo hawataingia mbinguni. Aliniacha nilie hadi tulipofika karibu na reli, akasimama kupumzisha goti. "Mama," aliniambia, "yule kijana atacheza tena kesho. Akijua aliwasikiliza mashabiki akamwacha kocha wake, hatajisamehe. Na wale wazee, wana nini tena? Wana lile neno tu. Nikiwaambia ndilo lililotushusha, watalibeba wapi?" Nikamuuliza, na wewe je? "Mimi niliyapata yangu," alisema. "Usimwambie mtu." Mama peke yake ndiye niliyemwambia, usiku huo huo, na yeye akasema, "Nilijua. Mtu mzima hovyo," akamwandalia maji ya kuoga.

Laiti hadithi ingeishia kwenye ushujaa ule. Lakini kujitoa si kama kuvua koti. Baba alidhani atalitoa jina la kocha na abaki na la mchezaji, na haikuwa hivyo. Tangu siku ile mtu akimkumbusha bao lake lolote alijikuna shingo na kusema, "Hayo yalikuwa ya ujana." Hakwenda tena uwanjani. Mpira ukianza kwenye redio alitoka nje kukagua nguo kama zimekauka. Watu walimsamehe upesi kuliko alivyofikiri, maana mtaa huchoka hata kuchukia, na kinyozi alirudi kusimulia makasi mkononi. Ila mwenye mabao hakuwepo tena kuyasikia. Sijui kama kushindwa kwake kuliyachafua mabao yake machoni pa wengine. Machoni pake kuliyafuta, na mimi niliona yakifutika moja baada ya jingine.

Siku hizi mwanangu na rafiki zake hukaa sebuleni kwangu wakibishana kuhusu magwiji wa Ulaya waliogeuka makocha wabovu. "Huyo amejiharibia jina, manze," mmoja husema, na mwingine humjibu, "Acha ufala, hebu cheki hii goli," na simu huzungushwa, na kesi huisha. Wale magwiji wana video. Baba hana hata picha moja ya bao. Mabao yake yalihifadhiwa vichwani mwa watu, na vichwa hivyo tunavizika mwaka baada ya mwaka. Kinachopatikana kwenye simu ni ile video ya mpiga harusi: Brayo ameukanyaga mpira, kisha mzee wa koti la kijivu anasema ni mimi, na mtoto wa kike anamvuta koti. Mtu ameiwekea ile methali kwa maandishi mekundu. Vijana wa mtaa waliozaliwa baadaye wanamjua babu yao kwa hiyo tu. Mimi ni karani kortini Makadara, kutwa nzima naandika watu wakiapa kusema kweli yote, na jioni narudi nyumbani na ile moja niliyokatazwa kuisema. Mwaka jana Baba alifariki, na Mama ameniambia niiandike. "Amengoja vya kutosha," alisema.

Kwenye mkesha wa kumuaga kabla hatujamsafirisha magharibi, kamati ya mazishi iliandika wasifu wake vizuri sana. Ulikuwa na kiwanda, kanisa, mabao, na jina lake la utani. Msimu wa ukocha hawakuutaja. Nilipouliza, baba mdogo aliniambia kwa huruma, "Hayo tuyaache, mama. Tumsitiri." Nilielewa nia yao, na bado ilinichoma, kwa sababu walikuwa wameukata msimu pekee niliokaa naye. Wote waliokuwa chini ya lile hema walimlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona. Mimi nilimlilia yule wa benchi, ambaye wao walikuwa wakimficha.

Brayo alikuja. Ana kitambi sasa, anafanya kazi kiwandani Baba Dogo, na alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo. Nilimtafutia kiti, nikamletea chai na mkate. Alizungusha kikombe mikononi muda mrefu, akaniuliza habari za Mama, akasema mzee alikuwa baba kwake kuliko mtu yeyote. Kisha akainamia sikio langu, kwa sababu watu walikuwa wanaimba, na nikaona kwamba hilo ndilo lililomleta.

"Sista, ile siku ya mwisho," alisema. "Mimi ningepiga. Unajua ningepiga. Mzee ndiye aliniambia ningoje. Lakini nilimsamehe kitambo. Nataka tu ujue nilimsamehe."

Binti yake alikuwa ananitazama. Nilifungua kinywa, na lile neno la Baba la kwenye benchi lilikuwa pale, tayari.

"Asante, Brayo," nikasema. "Angefurahi kusikia."